Madirisha ya Upande wa Kushoto

Fundi huyu walimwita Timazi, na jina hilo hakulipata kwa kuomba. Alilipata siku aliyomwambia mwenye nyumba mmoja, mbele ya wageni wake, kwamba ukuta wa sebule yake umelewa. Mwenye nyumba akacheka, wageni nao wakacheka. Timazi akatoa mfukoni uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, akauning'iniza kutoka darini, na kicheko kikaishia hapo. Ukuta ulikuwa umeinama kwa upana wa vidole vitatu. Aliyekuwa amejenga ukuta ule alihama mtaa, na wateja wakaanza kubisha hodi kwa Timazi kabla jogoo hajawika.

Jina tamu lina gharama yake. Mtu akishaitwa Timazi hana ruhusa ya kupinda hata kidogo, na yeye alilipenda jina lake kuliko suruali zake zote. Alipofikisha miaka sitini na saba magoti yalikuwa yamegoma kupanda ngazi, na kazi yake kubwa ikawa kupita kwenye majengo ya wenzake, kusimama, kufumba jicho moja, kutazama, kisha kuondoka bila kusema neno. Mafundi walisema heri wangetukanwa.

Basi asubuhi moja ya Alhamisi, askari magereza mwenye baiskeli alimletea barua. Ilikuwa ya mistari miwili tu. Fundi aliyejenga jengo la kutengea wafungwa anatakiwa ofisini kwa mkuu wa gereza siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi. Aje na futi yake.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomkata maini. Mtu haambiwi aje na futi ila kuna kitu cha kupimwa, na kitu hicho Timazi alikuwa akikijua kwa sentimita zake zote. Aliikunja barua, akaiweka chini ya godoro, akaenda kukaa uani akiwatazama kuku, yeye ambaye siku zote alikuwa akisema kuku hawana la kutazamwa.

Miaka ishirini na miwili nyuma, injinia mmoja kijana alimletea michoro ya jengo hilo. Vyumba kumi na viwili, sita kushoto na sita kulia, ukumbi mwembamba katikati. Injinia alimweleza kwa fahari kwamba hilo ni gereza ndani ya gereza. Watawekwa humo waliopigana na wenzao au kuvunja amri, wakae peke yao mpaka watulie. Watawekwa pia wasioadhibiwa na mtu, wale waliotoa ushahidi dhidi ya wenzao, ambao wakiachwa bwenini hawataiona asubuhi. Na mara mojamoja mgonjwa wa kuambukiza, akisubiri daktari. Wafungwa wenyewe baadaye waliliita Kando, na mtu akisema fulani kapelekwa Kando, wengine walishusha sauti.

Kila kitu katika chumba kilikuwa na sababu yake. Kitanda cha zege kilichoshikana na ukuta, ili kisivunjwe wala kusogezwa. Mlango wa chuma unaofunguka kwa nje, ili aliye ndani asiweze kuuzuia kwa mwili wake. Kidirisha cha kupitishia sahani. Hakuna msumari, hakuna ndoano, hakuna pembe ambayo kamba ingeweza kushika. Na dirisha moja la nondo karibu na dari, kizingiti chake mita mbili na robo kutoka sakafuni, ili mwanga uingie lakini jicho lisitoke. Timazi aliuliza jicho likitoka litamdhuru nani. Injinia akamjibu kwamba mtu akitengwa, atengwe kweli. Kijana huyo, kwa hesabu za Timazi, alikuwa hajawahi kukaa peke yake chumbani zaidi ya muda wa kunyoa ndevu, lakini waliopewa kalamu ndio huchora, na waliopewa mwiko hujenga. Akajenga.

Sasa ili mtu aielewe aibu ya Timazi, lazima aijue desturi ya kazi yake. Kabla ya kupima dirisha au mlango wowote, yeye na kundi lake walikuwa wakipitisha mpira wenye maji kutoka ukuta hadi ukuta, na pale maji yanapotulia wanapiga mstari wa chaki, mita moja juu ya mahali ambapo sakafu itakuwa ikishamalizika. Mstari huo waliuita mama. Vipimo vyote huzaliwa kwake. Kijana aliyepima kitu bila kumtazama mama, Timazi alimfukuza kazi siku hiyohiyo, na alishawafukuza watatu.

Uwanja wa gereza ulikuwa na mteremko. Upande wa kulia ardhi ilikuwa juu, upande wa kushoto ilikuwa chini, na kushoto ingebidi kujazwa kifusi karibu mita nzima ili sakafu ilingane na ukumbi. Kulia walimpiga mama vizuri. Kushoto walikuwa wanajiandaa kumpiga, mpira wa maji uko mikononi, ndipo jirani alipofika getini anahema kusema mke wa Timazi ameshikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya nne na ya mwisho, nayo ilikuwa imewatesa tangu mwanzo. Mafundi wakauliza, madirisha je? Timazi akavuta futi yake, akaipachika kwenye msingi pale miguuni, akahesabu mita mbili na robo, akakwangua alama kwa mwiko. Hapa, akasema, endeleeni. Akakimbia.

Aliporudi siku ya nne, akiwa baba wa binti, kuta zilikuwa zimevuka madirisha. Kifusi kikaja, kikamwagwa, kikashindiliwa, zege likamwagwa juu yake. Lilipokauka, Timazi akaingia chumba cha kwanza cha kushoto, na dirisha likamtazama usoni. Kizingiti kilimfika kifuani. Alipima mara tatu, kama vile futi ingemwonea huruma. Vyumba vyote sita vilikuwa hivyohivyo.

Dawa aliijua. Kuvunja na kuyapandisha madirisha upya. Nyundo alikuwa nayo mkononi. Lakini siku ileile ilinyesha mvua, na injinia alikuja kukagua akiwa amevaa viatu vinavyong'aa. Akasimama mlangoni, akatazama vyumba vya kulia, akayatazama matope ya kushoto, akavitazama viatu vyake, akatia sahihi. Timazi alifungua kinywa, akakifunga. Mwenye jina la Timazi aseme amepima bila mama? Wale watatu aliowafukuza wangesemaje? Akaweka nyundo chini. Kuanzia hapo hakupita tena barabara ya gereza, hata pale ilipokuwa njia ya mkato.

Jumapili mke wake alimkuta chumbani anapanga vitu kwenye begi dogo. Sabuni, mswaki, taulo, fulana mbili. Mke akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, unakwenda gerezani au unakwenda kufungwa?"

Timazi aliketi kitandani, akatoa barua chini ya godoro, na akamweleza yote, kuanzia mpira wa maji mpaka viatu vya injinia. Miaka ishirini na miwili walikuwa wamelala kitanda kimoja na habari hiyo hakuwahi kuitamka. Alikuwa akiangalia sakafu. Alitarajia mke ahamaki, au alie. Mke alicheka mpaka akashika mlango.

"Kwa hiyo kosa lako ni pacha wa kitindamimba wangu," alisema. "Mimi ndiye mshitakiwa wa pili. Nipangie na mimi fulana."

Kisha akaacha kucheka, akaketi karibu naye. Alimwambia kwamba amewapima wenzake kwa uzi miaka arobaini, na hakuna aliyemwomba amhurumie akahurumiwa. Akiulizwa, aseme. Timazi akasema kusema ni rahisi kwa asiyeitwa Timazi. Mke akamjibu kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na uzi, akainuka akaongeza sweta kwenye begi, maana alisikia huko ndani kuna baridi.

Jumatatu alifika saa mbili na nusu. Alipokelewa na sajini mzee mwenye shada la funguo kiunoni, ambaye kila mtu pale alimwita Funguo. Huyu alilitazama begi la mgeni kwa mshangao lakini hakuuliza. Njiani Timazi alitembea kama anayehesabu hatua za mwisho za uhuru wake.

Mkuu wa gereza alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, sauti yake ya chini kama ya mtu anayesoma orodha. Alimwamkia Timazi shikamoo, jambo lililomchanganya, kwani hakutarajia kuamkiwa na anayemshitaki. Mezani kulikuwa na madaftari makubwa manne na mchoro wa zamani uliokunjwa. Timazi aliutambua mchoro hata kabla haujafunguliwa.

Mkuu alianza mbali. Alisema tangu ahamishiwe pale, miaka miwili iliyopita, jengo la Kando linamnyima usingizi. Kanuni mpya zinasema hakuna mtu wa kukaa humo zaidi ya siku kumi na tano, na daktari aingie kila siku, naye anazifuata. Lakini kila siku lazima askari aandike daftarini nani amekataa chakula, nani amegonga kichwa ukutani, nani anaongea peke yake, nani amejikata. Akaamua kusoma madaftari yote tangu jengo lilipofunguliwa. Alitaka kujua ni wafungwa wa namna gani wanaoharibikiwa zaidi.

"Nikakuta si suala la wafungwa," alisema. "Ni suala la vyumba. Mtu yuleyule akiwekwa kulia, kurasa mbili. Akiwekwa kushoto, mistari mitatu. Miaka ishirini na miwili, mzee wangu. Askari wenyewe huuita upande wa kushoto upande wa watu. Nikaenda kusimama ndani, kimoja baada ya kingine, nikaona tofauti ni moja tu."

Aliufunua mchoro, akaweka kidole juu ya dirisha.

"Mchoro unasema vyote viwe sawa. Kwa hiyo kuna mtu aliukaidi. Nataka kuwaandikia makao makuu, lakini sharti nieleze ilitokeaje. Niambie, mzee. Uliwahurumia?"

Hapo ndipo Timazi alipopimwa, si kwa futi. Jibu lilikuwa limeshawekwa mezani, limemenywa, kazi yake kumeza tu. Angesema ndiyo, niliwahurumia, afande, na angetoka mle fundi mwenye moyo wa dhahabu, jina lake limenyooka kuliko lilivyoingia. Nani angebisha? Kundi lake lilishatawanyika, wengine wamekufa. Hata mkewe angefurahi. Alilishika lile jibu ulimini, akaliona ni tamu. Halafu akamkumbuka yule kijana wa tatu aliyemfukuza, jinsi alivyokuwa amekiri kosa lake mwenyewe, kofia mkononi, kabla ya kuulizwa na mtu.

"Hapana, afande," alisema. "Nilikosea kipimo. Mke wangu alikuwa anajifungua, nikapima kutoka kwenye msingi badala ya sakafu. Nilipogundua nikanyamaza kwa ajili ya jina langu. Huruma haikuwepo. Ingekuwepo, ningekosea na upande wa pili."

Funguo pale mlangoni alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mkuu wa gereza alivua miwani. Alisema itabidi aandike hivyohivyo. Timazi akasema aandike. Alishangaa kuona mikono yake imetulia juu ya magoti, na kwamba ameliweka begi sakafuni bila kujua ni lini.

Ndipo mkuu akasema chumba namba nne kiko wazi, na kama mzee anapenda, wakapime. Timazi hakupenda, lakini alikwenda. Ukumbi ulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea choo na ya watu waliofungiwa. Kutoka nyuma ya mlango mmoja wa kulia mtu alikuwa akihesabu kwa sauti, anafika arobaini, anaanza upya. Funguo alifungua namba nne.

Chumba kilikuwa hatua tatu kwa mbili, kama alivyokiacha, isipokuwa rangi. Alivuta futi kutoka sakafuni hadi kizingitini: mita moja na sentimita thelathini na moja. Alipotaka kuandika, kiganja chake kikagusa saruji ya kizingiti, akasita. Saruji ile aliipiga mwenyewe kwa ubao wa kusawazishia, ilikuwa ya kukwaruza. Sasa sehemu mbili zilikuwa laini, zimeng'aa, zimeingia ndani kidogo, upana wa mabega ya mtu kutoka moja hadi nyingine. Akatazama bila kuelewa. Funguo ndiye aliyemwonyesha: alisogea, akaweka viwiko vyake viwili, na vikakaa palepale.

Timazi naye aliweka viwiko vyake. Nje, zaidi ya uzio, chini kwenye mteremko, zilionekana nyumba za askari na kamba za kuanikia nguo. Funguo alieleza kwamba sare hufuliwa Jumamosi, na kwamba waliokaa upande huu walikuwa wakijua siku za wiki kwa hizo kamba. Mmoja alikuwa akimwambia kila akileta chakula kwamba mke wake Funguo ameshona kifungo cha shati, au bado. Aliyasema hayo bila kucheka. Alisema ndivyo alivyojua mtu huyo bado yupo.

Timazi alisimama pale dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kupima. Machozi yalimtoka, akayaacha. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameiona aibu hii kama ufa ndani ya nyumba yake, anauficha kwa kabati, na kumbe upande wa pili wa ufa watu walikuwa wakipumua.

Nyumbani mke alimpokea mlangoni, akalichukua begi, akalipima uzito, akasema sweta haikuvaliwa.

Majibu ya makao makuu yalichukua wiki saba. Wiki hizo Timazi alizikaa vibaya kiasi, maana kukiri ni jambo moja na kusubiri ni jingine, na kila baiskeli iliyopita barabarani ilimwinua kitini. Hatimaye Funguo alikuja mwenyewe kwa miguu, akamkabidhi nakala. Kurasa tatu zilikuwa za vifungu na marejeo, zinaruhusu madirisha ya kulia yashushwe, nondo ziongezwe, usalama wa uzio uhakikishwe. Habari za fundi zilikuwa mstari mmoja, mwishoni kabisa. Timazi alimpa binti yake kitindamimba ausome kwa sauti, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imeingia ukungu.

"Kosa la upande wa kushoto limeonekana," binti alisoma. "Lirudiwe upande wa kulia."

Timazi alicheka kicheko ambacho watoto wake hawakuwahi kukisikia, kile cha mtu aliyetua gunia. Akamtaka binti asome tena. Akamtaka asome mara ya tatu, na binti akamuuliza kama na yeye atapimwa na futi.

Kazi alikwenda kuisimamia mwenyewe, magoti yake yakamsamehe. Kitu cha kwanza alichoagiza ni mpira wa maji. Mafundi vijana walinong'ona, kwani sakafu ipo, dirisha lipo, mpira wa nini? Aliwaacha wanong'one. Akampiga mama kwenye kuta zote sita, mstari mweupe ulionyooka, akausimamia mpaka chaki ikakauka. Kisha akawasimulia mafundi wale kisa chote, kuanzia jina lake mpaka kosa la siku ile, wakamsikiliza midomo wazi. Mmoja aliuliza kama naye angefukuzwa. Timazi akasema angetakiwa kufukuzwa, ila mwenye kufukuza alikuwa na shughuli hospitalini.

Walishusha chumba kimoja baada ya kingine, ili vingine viendelee kutumika. Chumba namba saba kilipokauka, mkuu wa gereza aliamuru ahamishiwe humo yule aliyekuwa namba kumi na mbili, mwingine aliyeanza kuhesabu mpaka arobaini kama yule wa kwanza. Huyu hakuwa na adhabu yoyote. Alitoa ushahidi dhidi ya wakubwa wa bwenini, akawa anasubiri kupelekwa gereza la mbali, na ilikuwa siku yake ya kumi na moja. Funguo alimleta amemshika mkono. Timazi alikuwa bado mle anakusanya zana zake, akajibana ukutani kuwapisha.

Mfungwa aliingia ameinamisha kichwa, akaketi kwenye kitanda cha zege, akakiona kivuli cha nondo kimelala sakafuni mahali ambapo hakikuzoea kuwa. Akainua uso. Alisimama taratibu, akaenda dirishani, akaweka viwiko kwenye saruji mpya. Upande huo wa jengo ulitazama bustani ya gereza. Wafungwa wanne walikuwa wakipalilia, majembe yanapanda na kushuka, askari mmoja amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

Alitazama, mabega yake yakianza kutetemeka, na Timazi akaogopa, akamtazama Funguo. Kisha wakatambua kwamba mtu huyo anacheka.

"Kila asubuhi nilikuwa nasikia majembe," alisema bila kugeuka. "Siku kumi na moja. Nilijua wananichimbia kaburi." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Kumbe ni kabichi."